Walimu wa Kiingereza, barua ya kirafiki mnaanzia wapi kwa mtu asiyejua kitu? Mimi anwani naiweka mwisho kabisa

chaki_mkononi
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Nina jambo limenikaa kifuani muda mrefu, leo nalitoa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza shule ya kata huku Kilimanjaro, na jioni mara tatu kwa wiki nina kidarasa cha watu wazima, wengi wao wagumu, wale wanaobebea wageni mizigo mlimani. Kwa hiyo nina wanafunzi wa aina mbili, madogo wa fomu wani ambao miaka yote ya msingi wamesoma kwa Kiswahili halafu ghafla Januari wanakuta fizikia Kiingereza, jiografia Kiingereza, na wababa wa miaka arobaini wanaojua "pole pole" na "drink water" na basi.

Wote hao nawafundisha kuandika barua ya kirafiki. Na kwa miaka mingi nimeifundisha vibaya, tena kwa kujiamini kabisa.

Nilivyofundishwa mimi ndivyo nilivyofundisha. Unaingia darasani unachora mstatili ubaoni, pembeni juu kulia unaandika anwani, chini yake tarehe, halafu "Dear", halafu katikati mistari mistari kama mawimbi kuonyesha hapa ndo pa kiini cha barua, mwisho "Your loving friend". Madogo wananakili kwenye kaunta buku. Kipindi kimeisha. Wiki inayofuata unasema andikeni barua kwa rafiki yako aliyeko Mwanza umweleze shule yako mpya, na unapokea madaftari themanini yenye barua moja. Yaani ni moja, imeandikwa mara themanini. "I hope you are fine, as for me I am fine, the worry is on you, the aim of this letter is to tell you about my new school, my new school is good, it has teachers and trees, greet for me all friends there, I end here."

Nikawa nakaa na kalamu nyekundu mpaka usiku nasahihisha. Siku moja nikajiuliza, hivi huyu rafiki wa Mwanza ni nani? Hayupo. Hakuna mtu Mwanza. Dogo anajua hayupo, na mimi najua. Anamwandikia mwalimu, na mwalimu hataki kujua habari za miti, anataka koma baada ya "Dear Juma".

Tangu hapo nimegeuza. Mtu anayeanza simpi umbo kwanza, nampa msomaji. Ntaeleza ninavyofanya, halafu nyie mnikosoe, najua kuna wakongwe humu.

Wiki ya kwanza hamna neno barua. Nagawa robo karatasi, ile A4 unaikata nne. Fomu wani A wanaandikia fomu wani B, kila mtu ana mtu wake, nimepanga mimi kwa orodha ili asibaki mtu. Sentensi tatu tu. Kitu kimoja kilichotokea nyumbani wiki hii, kitu kimoja ulichonacho au usichokuwa nacho, na swali moja. Swali ndo roho ya mchezo maana yule wa B lazima ajibu, na akishajibu naye anauliza, umeshawanasa. Sanduku letu la posta ni katoni ya sabuni nimeitoboa juu kwa kisu, liko juu ya kabati ofisini. Ijumaa kipindi cha mwisho tarishi wawili wanagawa.

Ijumaa ya kwanza mwaka jana, binti mmoja wa A alipokea karatasi imeandikwa "Do you have a dog? What is his name?" Basi. Wakati wa kutoka akanisubiri mlangoni, huyu hajawahi kunisemesha hata siku moja, akaniuliza, "Mwalimu, alikufa wanasemaje?" Nikamwambia "he died". Akaniuliza "na nililia?" Nikamwambia "I cried". Akaondoka anarudia mdomoni asisahau, died, cried, died, cried. Past tense nilikuwa nimeifundisha wiki tatu ubaoni na jedwali la rangi, haikuingia kwa mtu yeyote. Ile iliingia akiwa amesimama mlangoni na begi mgongoni.

Naendelea chini, simu inaisha chaji.

chaki_mkononi
Nimerudi.

Sasa tuje kwenye salamu maana hapa ndo penye utamu. Watoto wetu hawashindwi kuandika barua kwa sababu hawajui barua. Wanashindwa kwa sababu wanaijua ya Kiswahili vizuri mno hata kama hawajawahi kupokea. Imo kwenye damu. Sisi tuliosoma bweni miaka ya tisini tunakumbuka, "Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Ni maneno mazuri jamani! Ukiyasoma unaona kabisa mtu ameshika kalamu ametulia. Lakini yahamishe neno kwa neno, "the fear and doubt are upon you", Mzungu akipokea hiyo atafunga milango. Inasikika kama ya mtu anayekuja kudai deni usiku.

Makosa ninayokutana nayo kila mwaka:

"Dear my friend". Kwa sababu ni rafiki yangu mpendwa, kila neno limepata wa kwake. Nawaambia "Dear" inakaa na jina, Dear Asha, imeisha. Na kama lazima uanze na rafiki basi "My dear friend".

"I am remembering you very much". Huyu ni nimekukumbuka. Cha ajabu hawa hawa midomoni wanasema nimekumiss kila siku, jibu wanalo tayari wanaliogopa kwa sababu wanadhani ni la mtaani! Nikiwaambia ni Kiingereza halali, andika "I miss you", wanacheka.

"Receive many greetings". Pokea salamu nyingi. Sio kosa la kufa mtu lakini hakuna anayesema hivyo. "Greet for me your mother" inakuwa "Say hello to your mother". "I have fourteen years" inakuwa "I am fourteen".

Na lile la he na she ndo sugu. "My mother he is sick." Sisi yeye ni yeye, hatuna habari na jinsia, kwa hiyo ubongo hauoni sababu. Nimepiga sana kelele darasani bila faida. Kilichosaidia ni barua. Dogo aliandika "my brother is in Form Four, she is tall", mwenzake akamjibu "Is she your brother or your sister?" Kaaibika kidogo, hakurudia. Mimi ningezungushia wekundu asingejali.

Halafu mwisho wa barua, "Your lovely friend". Hii ipo nchi nzima naamini. "Loving" ni anayependa, "lovely" ni wa kupendeza. Yaani umemaliza barua kwa kujisifia, wako mrembo fulani. Nikishawaeleza hivyo darasa linaanguka na hawasahau tena.

Kalamu nyekundu siigusi kwenye barua yenyewe. Barua ni ya mtu, siyo yangu. Nazipitia kabla ya kugawa, nachukua makosa matatu tu yanayojirudia, Jumatatu nayaandika ubaoni bila jina tunayanyoosha pamoja, tunaendelea.

mzee_wa_bahasha
Mwalimu mwenzangu nimekusoma, hongera kwa moyo. Ila mimi nimefundisha miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu humu na nasema hapana. Mtihani hauangalii mbwa alikufa. Mtahini anafungua karatasi anatafuta anwani, tarehe, salamu, mwisho, jina. Hizo ni maksi za bure, mtoto asiyejua hata kuunda sentensi anaokota pale. Wewe ukimnyima umbo wiki nne halafu akahama shule je?

chaki_mkononi
Shikamoo mzee wangu. Hoja yako nzito na sijasema umbo nalitupa, nasema naliweka mwisho. Na sikupanga, lilijileta lenyewe.

Wiki ya nne tarishi wakaja wana karatasi mbili imeandikwa jina la kwanza tu, na jina hilo fomu wani B wako wanne. Wote wanne wanazitaka! Kelele. Nikawaacha wabishane kama dakika tano hivi, halafu nikauliza, sasa posta wangejuaje? Hapo ndo nikachora ule mstatili. Anwani ya anayeandika, juu kulia, shule, chini yake P.O. Box ndiyo S.L.P. yetu, chini yake mji, inafuata tarehe. Kwa nini ya kwako na siyo ya unayemwandikia? Kwa sababu bahasha inatupwa, barua inabaki, akitaka kukujibu aione. Ya kirafiki anwani moja, ya kiofisi mbili, kwa sababu ofisini wanatunza nakala kwenye faili na lazima ijulikane ilikwenda kwa nani. Nikishawapa sababu hawachanganyi. Nilipokuwa nawakaririsha "informal one, formal two" nusu ya darasa walikuwa wanageuza.

Na kosa la kuandika jina lako juu ya anwani, ambalo mzee najua unalijua, linaondoka kirahisi ukiwaambia jina lako linasubiri kule chini, mtu haingii mlango wa mbele na wa nyuma kwa mpigo.

Kuhusu mtihani, kuna kimoja nawasisitiza. Swali likikupa jina na anwani ya kutumia, tumia hizo hizo hata kama huzipendi, maana karatasi haitakiwi kukutambulisha. Kuna madogo wanaandika jina la baba yao na shule yao halisi kwa mazoea.

mzee_wa_bahasha
Marahaba. Hapo kwenye bahasha inatupwa umenipata. Sikuwahi kuwaambia hivyo. Lakini wiki nne bado nyingi, mimi ningeweka ya pili.

mama_kauntabuku
Jamani mimi swali langu dogo tu, nina darasa la watoto tisini na kitu, vipindi sita kwa wiki, na fasihi inaningoja. Hizo karatasi za kila Ijumaa nani anasoma? Pia "Dear". Kwetu ilileta balaa.

chaki_mkononi
Dada yangu, mimi sisomi zote kwa kina, nakuambia ukweli. Napitisha macho kuangalia matusi tu na yale makosa matatu. Msomaji wa kila barua yupo tayari, ni mwenzake. Wewe ukiwa na tisini una wasomaji tisini ambao walikuwa hawana kazi.

Kuhusu "Dear" pole, nahisi najua kilichotokea maana na kwetu kilitokea. Mwalimu wa nidhamu, shule fulani siitaji, alikamata karatasi ya kijana imeandikwa "Dear" na jina la binti na mwisho "Yours". Akasoma mpenzi, akasoma wako. Kijana akapigishwa magoti asubuhi nzima kwa barua iliyokuwa inauliza "How many chickens do you have?" Nikaenda ofisini kumtetea nikaambiwa mwalimu unawafundisha nini hawa watoto. Tangu siku hiyo kabla sijaanza napita kwa nidhamu na kwa mkuu, nawaonyesha, nawaeleza "Dear" ni kama ndugu wa kwenye barua za ofisi, hata anayekudai kodi anakuandikia Dear. Na darasani navunja aibu mapema, namwandikia kila mmoja "Dear" na jina lake ubaoni, wavulana kwa wasichana, mpaka neno linachoka.

mama_kauntabuku
Kuku 😂😂 Yetu ilikuwa mbaya zaidi, mzazi aliitwa. Asante, nitaanza kwa mkuu.

kijana_wa_mjini
Samahanini wakubwa, ila barua mwaka huu? Nani anatuma barua? Fundisheni meseji na imeili tuachane na mambo ya stempu.

chaki_mkononi
Mdogo wangu, meseji yenyewe ni barua ya kirafiki. Ukianza na "mambo, upo?" ushaandika salamu. Karatasi naipendea kitu kimoja, haina ile programu inayomalizia neno kabla hujaliwaza, na dogo hana simu shuleni. Na ukishajua kuandika mistari sita ya maana kwenye karatasi unaihamishia popote. Kinyume chake sijaona, nimeona "hw r u am fyn" tu kwenye mtihani.

mzee_wa_bahasha
Hapo kwenye meseji uko sahihi. Nina swali lingine. Shikamoo unaifanyaje? Swali la kumwandikia baba au mjomba kuomba ada linatoka sana na watoto wanakwama mstari wa kwanza.

chaki_mkononi
Mzee hili nimelifikiria sana. Shikamoo haina Kiingereza, tusidanganyane. Kuna walioandika "I hold your feet", kuna walioandika "I respect you father" ambayo inasikika kama unataka kumpinga jambo. Mimi kwenye barua za kweli nawaruhusu waiache, "Dear Baba, Shikamoo.", baba ni Mswahili ataitikia. Kwenye mtihani waandike "How are you, Father?" wasonge mbele.

Lakini nawaambia heshima ya Kiingereza haikai mlangoni kama yetu. Sisi tunamaliza heshima kwenye salamu, halafu ombi linabebwa na naomba. Wao salamu fupi, karibu kavu, heshima yote wanaitunza mpaka pale pa kuomba. Ndo maana dogo anaandika nusu ukurasa wa salamu tamu halafu anafika "I want you to send me 20,000 shillings". Mtahini anasoma amri. Alikuwa anamaanisha naomba unitumie, lakini "want" haijabeba kuomba. Kwa hiyo namfundisha kipande kimoja kizima bila kukipasua, "Could you please send me", akikariri kama jina la mtu. Could ni nini, please inakaa wapi, atajua akifika fomu tuu, sasa hivi aombe vizuri.

Na pole pia. "I heard you are sick, pole." Hapa nawapa "I am sorry to hear that you are sick". Wanagoma, mwalimu si mimi niliyemuumiza, sorry ya nini? Inabidi nieleze kwamba sorry ya Kiingereza inavaa nguo mbili, samahani na pole.

mgumu_wa_marangu
Habari zenu walimu, mimi sio mwalimu nimepita tu. Nabeba mizigo mlimani mwaka wa nane. Kuna mgeni nilipanda naye mwaka jana, mzee wa watu, alinipa jaketi lake na anwani yake kwenye karatasi akasema niandikie. Sijamwandikia mpaka leo. Naona aibu Kiingereza changu. Nifanyeje kaka mwalimu

chaki_mkononi
Kaka, wewe ndo nilikuwa nakusubiri uzi mzima. Darasa langu la jioni ni wewe ishirini na mbili.

Kwanza sikia, watu wazima wana kitu watoto hawana, wana mtu kweli wa kumwandikia. Tatizo lao ni aibu, na lingine ambalo ntalisema wazi usinichukie, barua ya kwanza usipige mzinga. Hamna ada ya mtoto, hamna bati la nyumba. Barua ya kwanza ni ya kumkumbusha wewe ni nani na kumshukuru. Nimeona wagumu wamekariri barua ya kuombea msaada inayozunguka, mtu ananakili tu anabadilisha jina, na wageni nao wanaijua.

Usiandike juu ya mlima, mlima ameuona, kilele cha Uhuru mita 5,895 anacho kwenye cheti. Andika kitu mlichokuwa nacho wewe na yeye tu. Alikupa jaketi, lilikuwa wapi, ilikuwaje? Mwenzako mmoja darasani aliandika hivi na sikubadilisha kitu zaidi ya koma moja:

"Dear Peter,
I am the man who carried your blue bag. You asked me every morning, is it far? I always said no. I am sorry, it was far.
Now it is raining here and not many people are climbing. I am at home with my mother. We have bananas. How is your wife? Did you tell her about the toilet at Kibo Hut?
Your friend,"

na jina lake. Ile "I am sorry, it was far" nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakuna kitabu kingempa. Jibu lilikuja kwa simu yake, refu, na picha ya mke anacheka.

Sasa wewe niandikie hapa sentensi tatu, usiogope makosa.

mgumu_wa_marangu
Haya kaka.
"Dear sir. I am porter you give jacket in Horombo. I wear it today, it is cold. My children say I look like mzungu."
Halafu nataka kumuuliza goti. Alikuwa anaumwa goti tangu siku ya pili, anashuka kwa kinyumenyume. Nataka kusema je lile goti lilipona

chaki_mkononi
Kaka hiyo tayari ni barua!! Usiandike "sir", andika jina lake lile lililo kwenye karatasi, alikupa ulitumie. "I am the porter. You gave me your jacket at Horombo." Kata mbili, usihangaike kuunganisha. Mstari wa watoto uache kama ulivyo, neno mzungu analijua, alipigiwa kelele njia nzima.

Goti ni "How is your knee now?" K haisomwi ila iandike.

mgumu_wa_marangu
Sawa. Na anwani yangu naweka ipi, sina sanduku la posta

mzee_wa_bahasha
Kijana, tumia S.L.P. ya kanisa lenu au msikiti, au ya shule ya wanao, ila waombe kwanza. Juu kulia. Na uandike Tanzania chini kabisa kwa herufi kubwa.

mgumu_wa_marangu
Asante mzee, shikamoo. Ya shule ya mwanangu ipo kwenye daftari lake, ngoja nimuamshe aniletee